Maryamu katika Maandishi ya Unguja

Maryamu, mama wa Isa, ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina lake katika Qurani, na sura ya 19, yenye aya 98, inaitwa kwa jina lake. Kwa Wakristo yeye ni Bikira Maria, mama wa Bwana. Kisiwani Unguja, ambako karibu wakazi wote ni Waislamu na Wakristo ni jamii ndogo iliyokua katika karne ya 19, watu wa dini zote mbili wameandika juu yake, na mara nyingi wameandika wakijua kuwa upande wa pili utasoma. Maandishi hayo ni tafsiri za vitabu vitakatifu pamoja na maelezo yake, barua za maaskofu, vitabu vya mafundisho na habari za mijadala ya hadharani. Yanafaa kusomwa kwa pamoja kwa sababu moja. Ulaya ya wakati huohuo, kuzaliwa kwa Isa bila baba lilikuwa mojawapo ya mambo ambayo wasomi walioitanguliza akili walianza kuyatilia shaka. Katika ubishi wa Unguja shaka hiyo haikuwa na mahali: Mwislamu na Mkristo waliuamini muujiza sawasawa. Akili ikapewa kazi nyingine, ya kupima muujiza huo unathibitisha nini juu ya mwana, na unampa mama daraja gani.

Kabla ya wamisionari kufika, Maryamu alikuwa amekwisha kuwa mwenyeji. Wanafunzi wa darsa walimsoma katika Surat Aal Imran, ambamo mama yake anaweka nadhiri ya mtoto aliye tumboni, anazaliwa msichana, analelewa na Zakaria, na kila Zakaria anapoingia mihrabuni anamkuta na riziki. Walimsoma tena katika Surat Maryam, akiwa peke yake chini ya mtende na uchungu wa kuzaa, kisha akirudi kwa watu wake na mtoto mikononi, na mtoto huyo mchanga akimtetea mama yake kwa maneno. Tafsiri ya Jalalayn, iliyosomeshwa sana pwani, ilitosha kumpa mwanafunzi habari hizo kwa mpango. Watu wasiosoma Kiarabu walizipata kwa masimulizi na kwa maulidi. Maulidi ya Barzanji, inayosomwa hasa Mfungo Sita, husimulia kuwa usiku aliozaliwa Mtume, Asia na Maryamu walihudhuria kwa Bi Amina. Sayyid Mansab wa Lamu, aliyefariki mwaka 1922, aliitia Barzanji katika mashairi ya Kiswahili, na kwa hiyo Maryamu akaingia pia katika ushairi wa lugha ya nyumbani akiwa mgeni mtukufu katika uzazi wa Mtume.

Wanavyuoni hawakuishia kwenye masimulizi. Swali la zamani lilikuwa kama Maryamu, aliyesemeshwa na malaika, ahesabiwe katika manabii. Ibn Hazm wa Andalusia alisema ndiyo, na Qurtubi akaelekea huko. Wengi walisema hapana, wakashika aya ya Surat al-Maida inayomwita msadikishaji, siddiqa. Mjadala huu unastahili kukumbukwa kwa sababu unaonyesha kuwa heshima ya Maryamu katika Uislamu ilikuwa jambo la kupimwa kwa dalili: maneno ya malaika kwake yana hukumu gani, na unabii ni nini hasa. Mtoto wa chuoni, kwa upande wake, alihifadhi sifa ishirini za Mwenyezi Mungu. Miongoni mwake ni kuwa Mungu hana mwanzo, hahitaji chochote na hafanani na viumbe. Aliyezihifadhi alikuwa na jibu tayari siku atakayosikia mtu akimwita Maryamu mama wa Mungu: asiye na mwanzo hawezi kuzaliwa. Juu ya hayo, masultani wenyewe walikuwa Maibadhi, na madhehebu yao yameshika sana kumtakasa Mungu na kila mfano wa viumbe. Mji ambao wamisionari waliukuta ulikuwa na elimu ya itikadi iliyokwisha kujadili mambo hayo kwa karne nyingi.

Wareno walikuwa wamejenga kanisa dogo mahali ambapo Waarabu wa Oman walijenga Ngome Kongwe baada ya kuwafukuza. Hakuna maandishi ya Kiswahili juu ya Maria yaliyotokana na zama zao, na Ukristo wa Unguja wa leo hautokani nao.

Unatokana na mwaka 1860. Mwezi Desemba mwaka huo Padre Armand Fava alifika kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na mapadri wenzake na masista wa Shirika la Mabinti wa Maria. Shirika hilo lilianzishwa Réunion mwaka 1849, mara tu baada ya utumwa kufutwa huko, na lilipokea pia wanawake waliokuwa watumwa. Mwaka 1863 kazi ilikabidhiwa kwa Mapadri wa Roho Mtakatifu, ambao jina lao kamili linataja pia Moyo Safi wa Maria. Kwa hiyo upande wa Katoliki ulifika ukiwa umebeba jina la mama huyo. Mwaka uliofuata, 1864, ikaja misheni ya Kiingereza ya vyuo vikuu, iliyojulikana kwa herufi zake UMCA, ikiongozwa na Askofu William Tozer, na pamoja naye Edward Steere. Sultani Majid alimpa Tozer wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879.

Steere alikuwa mwanasheria kwa masomo na mfanyakazi asiyechoka. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja na mkusanyo wa hadithi za Kiswahili, kisha akaendelea na Agano Jipya hadi likakamilika. Kazi hiyo hakuifanya peke yake. Sheikh Abdul Aziz bin Abdul Ghany al-Amawy, mzaliwa wa Barawa na kadhi wa Unguja, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora na safi. Ikafika Zaburi ya 16, ikakoma: Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na Steere aliona lugha yake ni ya kitaalamu mno kwa watu aliowakusudia. Hata hivyo alizichapa zile kumi na sita, ziwe ukumbusho wa ihsani ya Sheikh na mfano wa Kiswahili cha mwanachuoni mkubwa. Ni jambo la kuthaminiwa. Kadhi wa Kiislamu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutia maneno ya Biblia katika Kiswahili cha Unguja, na aliyefaidika na kazi yake alikiri hivyo kwa maandishi.

Watu hao wawili ndio pia walioketi pande mbili za ubishi. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulifunga soko la watumwa la Mkunazini. Siku ya Krismasi mwaka huohuo jiwe la msingi la Kanisa Kuu la UMCA liliwekwa palepale, na ibada ya kwanza ndani yake ilifanywa Krismasi ya 1877. Steere, aliyekuwa askofu tangu 1874, alihubiri na kuzungumza na Waislamu Mkunazini kwa Kiswahili, na Sheikh al-Amawy alikwenda kumjibu. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, katika kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, amemweka al-Amawy katika safu ya mbele ya watu waliofanya mijadala hiyo. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa katika kanisa hilo nyuma ya madhabahu. Al-Amawy alifariki mwaka 1896.

Hoja za mijadala ya namna hiyo zinafahamika vyema kwa sababu zimerudiwa katika vitabu hadi leo. Mkristo huanza kwa kuuliza: mtu asiye na baba wa kibinadamu, baba yake nani? Mwislamu hujibu kwa aya ya 59 ya Surat Aal Imran, inayomfananisha Isa na Adamu aliyeumbwa kwa udongo. Hapo pana kiasi, yaani hoja ya ulinganisho, kilicho kamili: ikiwa kukosa baba kunamfanya mtu kuwa mwana wa Mungu, basi Adamu, aliyekosa baba na mama, angestahili zaidi. Mkristo hawezi kuikataa mantiki hiyo, na wahubiri wenye elimu hawakuikataa. Walijibu kuwa kanisa halijapata kufundisha kwamba Kristo ni Mwana wa Mungu kwa sababu alikosa baba duniani. Uana wake ni wa milele, wa kabla ya Maryamu kuwapo, na kuzaliwa na bikira ni alama yake tu. Kwa jibu hili ubishi unahama kabisa kutoka kwa mama, unakwenda kwenye umoja wa Mungu, na hapo ndipo kila upande unaposhika msingi wake usioyumba. Anayefuatilia maandishi ya Unguja huliona jambo hili mara kwa mara: Maryamu anafungua mazungumzo, kisha anaachwa mlangoni.

Pengine aliachwa mapema mno, kwa kuwa vitabu vyote viwili vinamfanya yeye mwenyewe kuwa wa kwanza kuuliza. Katika Injili ya Luka na katika Qurani pia, anapopewa habari ya mtoto, Maryamu anamuuliza malaika itawezekanaje hali hakuguswa na mwanamume. Hakemewi. Anajibiwa kwa uwezo wa Mungu, naye anakubali akiwa amekwisha kuuliza. Zakaria naye aliuliza, na katika Luka akapigwa ububu. Wafasiri wa Kikristo na wa Kiislamu wamezitofautisha sauti za maswali hayo mawili, moja likiwa la kutaka kujua na lingine la kutaka uthibitisho. Kwa mtu anayetafuta nafasi ya akili ndani ya imani, mahali hapo pana mafundisho mengi kuliko ubishi wote juu ya Adamu.

Huko Mbweni, kusini ya mji, Maria alihitajiwa kwa jambo tofauti na ubishi. UMCA ilinunua shamba hapo mwaka 1871, ikaweka watumwa waliookolewa, na shule ya wasichana ikapewa jina la Mtakatifu Maria. Caroline Thackeray aliyefika mwaka 1877 aliiongoza kwa miaka mingi, akabaki Mbweni hadi alipofariki mwaka 1926. Wengi wa wasichana wa miaka ya mwanzo walitekwa wakiwa wadogo, wakavushwa bara hadi pwani, na hawakuwaona tena mama zao. Mafundisho juu ya mama aliyeupokea ulimwengu kama wanawe yaliwafikia watoto hawa kwa njia ambayo hoja za kiasi zisingewafikia. Mji Mkongwe pia una jengo la misheni la Mtakatifu Monika, lililo jirani na Kanisa Kuu, na jina hilo ni la mama mwingine: mama wa Augustino wa Afrika Kaskazini, msomi wa falsafa aliyekawia kuamini, ambaye mama yake alimfuata kwa sala na machozi mpaka akabatizwa mwaka 387.

Mtu aliyeyaunganisha mambo ya Unguja na ubishi wa Ulaya juu ya imani na akili ni Frank Weston. Alizaliwa mwaka 1871, akafika Unguja mwaka 1898, akawa mkuu wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, na mwaka 1908 akawekwa kuwa Askofu wa Zanzibar. Alikuwa mwanateolojia kabla ya kuwa mtu wa mabishano. Kitabu chake juu ya umwilisho, kilichotolewa mwaka 1907, kinakabili swali ambalo mwanafunzi yeyote wa sifa ishirini angeuliza: aliye Mungu anawezaje kunyonya, kukua na kujifunza kusema? Jibu la Weston ni kwamba Mwana wa milele alijizuia kwa hiari yake, akaishi kwa kipimo cha ubinadamu alioutwaa kwa Maria, bila kuacha kuwa alivyokuwa. Jibu hili linaendeleza mjadala wa Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431. Nestorio hakutaka Maria aitwe Mama wa Mungu. Mtaguso uliamua kuwa jina hilo ni halali kwa sababu aliyezaliwa ni nafsi moja, na mama huzaa nafsi. Mwislamu hatalikubali jibu la Weston, wala Weston hakutazamia hivyo. Lakini linaonyesha kuwa katika Unguja ya wakati wake pingamizi la mwanachuoni wa Kiislamu na tatizo la mwanateolojia wa Kikristo vilikuwa kitu kimoja, kikitazamwa kutoka pande mbili.

Uingereza mambo yalikuwa yakienda kwingine. Mwaka 1911 J. M. Thompson, mwalimu wa Oxford, alitoa kitabu juu ya miujiza ya Agano Jipya ambamo alikataa kuwa ushahidi wa kuzaliwa na bikira unatosha, na askofu akamnyang'anya ruhusa ya kuhudumu. Mwaka 1912 watu saba wa Oxford walitoa kitabu cha kueleza imani kwa fikra za kisasa. Mmoja wao, B. H. Streeter, alieleza kuonekana kwa Kristo mfufuka kama maono yaliyotumwa na Mungu, pasipo kulazimu mwili kutoka kaburini. Mwezi Juni 1913, huko Kikuyu nchini Kenya, wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana kupanga ushirikiano, na maaskofu wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda wakashiriki.

Weston alijibu yote kwa barua ya wazi kwa Askofu wa St Albans mwaka 1913, akiuliza Kanisa la Kiingereza linasimamia nini. Mambo yaliyomchoma yalikuwa matatu: kitabu cha wale saba, mkutano wa Kikuyu, na la tatu lililomhusu Maria moja kwa moja. Askofu huyo wa St Albans alikuwa amemwadhibu padre mmoja kwa kuomba maombezi ya Bikira Maria na watakatifu. Weston alizipanga habari hizo kwa makusudi: anayeitilia shaka imani ya mitume anavumiliwa na kupewa heshima, na anayemwomba mama wa Bwana anafungiwa. Wengi wameusoma ubishi huu kama ugomvi wa makundi ndani ya Kanisa la Uingereza, na kwa kweli ulikuwa hivyo. Hata hivyo Weston alitoa sababu inayotoka Unguja na si kwingine. Aliandika kuwa kanisa ambalo viongozi wake wana maoni mawili juu ya kuaminika kwa Biblia na kwa Kristo mwenyewe limeacha nafasi yake ya kumvuta Mwislamu. Aliyeishi Mji Mkongwe alijua uzito wa neno hilo. Mhubiri wa Mkunazini alikuwa akizungumza na watu wanaousadiki ubikira wa Maryamu kwa nguvu ya kitabu chao. Angewaambia nini kuhusu msomi wa Oxford anayesema ushahidi hautoshi?

Mwaka 1915 Askofu John Percival wa Hereford alimfanya Streeter kuwa kanoni, na Weston akatangaza kuwa dayosisi ya Zanzibar haina ushirika tena na askofu huyo. Tangazo hilo lilishangaza Uingereza, na liliwaudhi hata baadhi ya rafiki zake. Miaka miwili baadaye kiti chenyewe cha Hereford kilipewa Hensley Henson, aliyeshukiwa kuwa haamini kuzaliwa na bikira. Askofu Mkuu Randall Davidson alihitaji kupata maneno ya kumthibitisha kabla ya kumweka wakfu mwezi Februari 1918. Weston aliwaandikia wamisionari wake wa Kizungu barua ndefu ya kichungaji mwaka 1919, akimtetea Kristo wa Injili mbele ya wakosoaji. Alifariki Hegongo, karibu na Magila, mwaka 1924. Alikuwa mkali kupita kiasi kwa watu waliotafuta ukweli kwa nia njema, na adhabu ya kuvunja ushirika haikuleta hoja yoyote juu ya ushahidi wa wanahistoria. Lakini aliona jambo ambalo maaskofu wa London hawakuliona: kwamba akili inayoanza kwa kuondoa muujiza haina la kuwaambia majirani wa Kiislamu, kwa kuwa wao wanaanza kwa kuukubali.

Mwenzake, Kanoni Godfrey Dale, alichukua njia ya utulivu zaidi. Alifika katika misheni mwaka 1889, akajifunza Kiarabu na elimu ya Kiislamu, akaandika kwa Kiswahili juu ya dini ya Kiislamu na tofauti zake na Ukristo. Mwaka 1923 ikatoka London tafsiri yake ya Qurani, ya kwanza kamili kwa Kiswahili, pamoja na dibaji na maelezo. Ilikusudiwa kwanza walimu Wakristo wajue kile ambacho jirani zao wanasoma. Kwa Waislamu ilikuwa kazi ya mtu wa nje, na maelezo yake ya mabishano yaliwafanya wengi waikatae. Hata hivyo ilileta jambo ambalo halikuwahi kuwapo: Maryamu wa Injili, aliyekwisha kupatikana katika Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja iliyotolewa mwaka 1891, na Maryamu wa Qurani, sasa waliweza kusomwa na mtu mmoja, kwa lugha moja, bila mwalimu wa kumfasiria.

Kusoma sambamba kulizidisha maswali ya kihistoria, na hapo mabishano yakawa ya kitaalamu zaidi. Aya ya 28 ya Surat Maryam inamwita Maryamu dada wa Haruni, na wabishani wa Kikristo tangu zamani walidai kuwa hapo Maryamu amechanganywa na Miriamu, dada wa Musa na Haruni, aliyeishi karne nyingi kabla. Jibu la Waislamu ni la zamani vilevile, nalo limo katika Sahihi ya Muslim. Wakristo wa Najran walimuuliza Mughira bin Shu'ba swali hilohilo, akalipeleka kwa Mtume, na Mtume akaeleza kuwa watu wa zama zile walikuwa wakiitwa kwa majina ya manabii na wema waliowatangulia. Kwa upande wa pili, aya ya 116 ya Surat al-Maida, ambamo Isa anaulizwa kama aliwaambia watu wamfanye yeye na mama yake kuwa miungu, iliwafanya Wakristo waeleze kwa bidii kuwa Maria hakuhesabiwa kamwe katika Utatu. Maelezo hayo yaliwabana hasa wale waliokuwa na desturi za Kikatoliki. Kanisa lililofukiza ubani, likasali sala ya Malaika wa Bwana na kuomba maombezi ya Maria lilipaswa kuonyesha mpaka kati ya kumheshimu na kumwabudu, na kuuonyesha mbele ya watu ambao macho yao yalikuwa yameelekezwa hapo na Qurani yenyewe. Vitabu vya mafundisho vya Kikristo vilivyosambazwa pwani vinautilia mpaka huo mkazo mkubwa.

Wakatoliki wa Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu lililojengwa Mji Mkongwe katika miaka ya 1890, walikuwa na jamii kubwa ya Wagoa waliokuja na ibada za Maria walizozipata kwao tangu zamani za Wareno. Kwao mafundisho ya kwamba Maria alikingiwa dhambi ya asili, yaliyotangazwa na Papa Pius IX mwaka 1854, yalikuwa sehemu ya imani isiyobishaniwa. Ajabu ni kwamba hapa pia Mwislamu hayuko mbali. Hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inasema kila mtoto anayezaliwa huguswa na shetani isipokuwa Maryamu na mwanawe. Misingi ni tofauti, maana Uislamu haufundishi dhambi ya kurithi, na kwa hiyo kinga hiyo haina kazi ileile. Lakini Mprotestanti anayekataa fundisho la 1854 kwa kuwa halimo katika Biblia atakuta, Unguja, kwamba jirani yake wa msikitini anaamini jambo lililo karibu nalo. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika tamko la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya dini nyingine, ulilitaja waziwazi kwamba Waislamu wanamheshimu Maria, mama bikira wa Yesu.

Mgawanyiko mkali zaidi juu ya akili na muujiza ulizuka ndani ya Waislamu wenyewe. Sheikh Mubarak Ahmad, mmisionari wa Ahmadia aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1934, alitoa tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili mjini Nairobi mwaka 1953. Ahmadia wanafundisha kuwa Isa hakupaishwa mbinguni akiwa hai: aliokoka msalabani, akahamia mashariki, akafa kifo cha kawaida na kuzikwa Srinagar, Kashmir. Mama yake anaingia katika hoja hiyo kwa aya ya 50 ya Surat al-Muminun, inayosema kuwa mwana wa Maryamu na mama yake walifanywa ishara, wakapewa makimbilio mahali palipoinuka, penye utulivu na chemchemi. Wafasiri wa kale waliwaza Baitul Muqaddas, Damaski, Ramla au Misri. Ahmadia wakasema ni Kashmir. Juu ya kuzaliwa bila baba, mwanzilishi wao Mirza Ghulam Ahmad alikubali. Kundi lao la Lahore, lililojitenga mwaka 1914, ndilo ambalo kiongozi wake Muhammad Ali alielekea kumtambua Yusufu kuwa baba. Hapo msimamo unaofanana na ule wa wasomi wa Oxford ulionekana ndani ya maandishi ya watu wanaojiita Waislamu, ingawa tafsiri iliyosambazwa Afrika Mashariki haikuwa ya kundi hilo.

Jibu la Unguja lilitoka kwa Sheikh Abdullah Saleh Farsy. Alizaliwa Unguja mwaka 1912, akawa mwalimu wa shule, kisha kadhi, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akahamia Kenya akawa Kadhi Mkuu. Alianza kutoa tafsiri yake kwa juzuu katika miaka ya 1950, na Qurani Takatifu ikakamilika kitabu kimoja mwaka 1969. Aliikosoa tafsiri ya Dale na hasa ya Makadiani, yaani Ahmadia, aliyoiandikia maelezo maalumu ya kuonyesha makosa yake. Farsy hakuwa mtu wa kuogopa akili. Alichukia uzushi na masimulizi yasiyo na asili, akawataka watu wasome wenyewe, na Kiswahili chake ni chepesi na wazi kwa makusudi hayo. Lakini kwake akili ilikuwa na mipaka iliyowekwa na lugha ya Kiarabu, hadithi sahihi na wafasiri waliokubaliwa. Kosa la Makadiani, kwa hoja yake, lilikuwa la mbinu: kuichukua aya wakaipeleka walikotaka iende. Ni hoja ya msomi wa matini, na ina nguvu zaidi kuliko tuhuma za ukafiri zilizotawala sehemu nyingi za ubishi huo.

Katika miaka ya 1980 mabishano yalitoka kwenye vitabu yakaingia viwanjani. Mihadhara ya wahubiri wa Kiislamu waliotumia Biblia ilienea Tanzania Bara na sauti zake zikafika visiwani kwa kanda, na kitabu cha wahubiri Ngariba na Kawemba juu ya Uislamu katika Biblia kikawa kinanukuliwa sana. Biblia iliyotumika ni ile ya Union ya mwaka 1952, iliyochukua nafasi ya matoleo ya Unguja na ya Mombasa. Swali lililopendwa lilitoka katika sura za mwanzo za Injili: Mathayo na Luka wanaorodhesha nasaba mbili zinazotofautiana, zote mbili zikimfikia Yusufu, hali Yusufu si baba. Muulizaji Mwislamu hakuwa akiukana ubikira wa Maryamu. Aliutumia kama kipimo, akisema kuwa anayeuamini hana haja ya nasaba ya Yusufu. Mkristo aliyejiandaa alijibu kuwa nasaba ilifuata baba wa kisheria, na kwamba kwa sheria ya Kiyahudi mtoto aliyepewa jina na mume wa mama yake alihesabiwa katika ukoo wa huyo mume. Asiyejiandaa alijibu kuwa moja ya nasaba hizo ni ya Maria, jibu la tangu zamani ambalo maneno ya Luka yenyewe hayalitamki.